Msimu wa pili uko wapi? Jinsi tamthilia zinazopendwa zinavyokatizwa

Kwenye maduka ya kunakili sinema pale Kondele, Kisumu, kuna swali linalorudi kila wiki. Mteja anaweka flashi yake kaunta, anataja tamthilia aliyoimaliza usiku uliopita, anaomba msimu unaofuata. Mwenye duka anateremsha kipanya hadi mwisho wa folda, kisha anatikisa kichwa: "Omera, hiyo haina ingine. Iliishia hapo." Shujaa ameachwa amefungwa pingu, siri haijafichuka, na hakuna wa kueleza kwa nini.

Jibu la haraka mtaani ni kwamba haikupendwa. Si kweli. Baadhi ya tamthilia zilizokatizwa mapema zilikuwa na wapenzi wa kufa na kupona, na bado zinatafutwa miaka ishirini baadaye. Kinachoziua ni umbali ulioko kati ya anayependa na anayelipa. Katikati yao yuko anayehesabu, na nyuma yao wote yuko mwenye mali, yaani mwenye haki ya jina, wahusika na kanda. Kutazama kwako kukipotea mikononi mwa mmoja wao, ni kana kwamba hukutazama.

Anayehesabu

Kituo cha televisheni hakioni ndani ya nyumba. Mlingoti hurusha mawimbi tu; haurudishiwi habari kwamba nyumba fulani ya Free Area, Nakuru, imewasha runinga. Kwa hiyo lazima watu wachache waulizwe, kisha majibu yao yapigwe hesabu ya nchi nzima. Marekani kazi hiyo hufanywa na kampuni ya Nielsen kwa vifaa vinavyofungwa kwenye nyumba zilizochaguliwa. Kenya, kampuni ya utafiti ya GeoPoll hutuma maswali kwa SMS: ulitazama kituo gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, siku nzima ikiwa imekatwa vipande vya nusu saa. Anayejibu hupewa salio la simu. Kuna pia utafiti wa KARF, taasisi ya Kenya inayochunguza watazamaji na wasikilizaji, ambao vituo na watangazaji wa biashara huutegemea.

Njia hizi zina kazi yake, lakini zina matundu, na matundu hayo yako wazi zaidi huku kwetu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya 4 kati ya 10 nchini zilikuwa na televisheni. Maana yake ni kwamba katika vijiji vingi vya Shinyalu au Nyakach, watazamaji wa tamthilia moja hujazana kwenye sebule ya jirani mmoja. SMS ikimfikia mwenye nyumba, anajibu kwa niaba yake mwenyewe. Wale wanane waliokaa kwenye mkeka hawajulikani. Wateja wa kibanda cha chai wanaotazama wakisubiri chapati hawajulikani pia. Na taarifa ya habari ikirefuka kwa dakika 15, tamthilia inaingia kwenye nusu saa isiyo yake, na mtu anayejibu kwa kukumbuka tu anaweza kuihesabia kipindi kingine.

Mtazamaji wa flashi ndiye aliyepotea kabisa. Anaweza kuwa ameitazama tamthilia nzima mara tatu, na kuwaambukiza mapenzi hayo watu wa ploti nzima. Kwenye daftari la aliyeitengeneza, yeye ni sufuri.

Majukwaa ya mtandaoni hayana haja ya kuuliza mtu, maana yanaona kila unapobonyeza. Lakini nako kipimo hubadilishwa, na kila kipimo kina tamthilia kinayoibeba na kinayoiangusha. Mwanzoni mwa 2020 Netflix ilianza kumhesabu mtu aliyetazama dakika 2 tu. Mwaka wa 2021 ikahamia kwenye jumla ya saa zilizotazamwa, jambo lililozinufaisha tamthilia ndefu. Tangu Juni 2023 hugawanya jumla ya saa kwa urefu wa tamthilia: saa milioni 60 zikigawanywa kwa tamthilia ya saa 6 ni mitazamo milioni 10, saa hizo hizo kwa tamthilia ya saa 12 ni milioni 5. Hizo ni takwimu za kutangazwa hadharani. Ndani ya kampuni kinachoangaliwa kwa makini ni watu wangapi walioanza wakafika mwisho, na kwa kasi gani. Mtu anayetazama sehemu mbili kisha anajiambia ataendelea Krismasi anaonekana sawa na mtu aliyechoka nayo.

Anayelipa

Chukua nafasi moja ya nusu saa kati ya taarifa ya saa moja na ile ya saa tatu usiku, ambapo vituo vya Kenya hupenda kuweka tamthilia za hapa. Tuseme tamthilia yenyewe ina dakika 24. Zinabaki 6, ambazo ni matangazo 12 ya sekunde 30. Matangazo hayo 12, pamoja na jina la mdhamini mwanzoni na mwishoni, ndiyo yanayopaswa kurudisha gharama ya waigizaji, kamera, sauti, taa, mafuta ya jenereta, chakula, nauli na uhariri. Tangazo moja likikosa mnunuzi, dakika haziachwi tupu: kituo kinajitangaza chenyewe. Ukianza kuona matangazo ya kituo chenyewe yakijaa katikati ya tamthilia unayoipenda, jua mauzo yamelegea.

Upande wa pili wa meza kuna tamthilia ya kigeni iliyokwisha kutengenezwa, sehemu 120 zikiwa tayari, sauti imebadilishwa, na gharama yake imeshalipwa nchini kwake. Kituo hununua haki ya kuionyesha tu. Haihitaji jenereta wala nauli. Meneja anayepanga vipindi akiziweka mbili hizi kwenye jedwali moja, ile ya hapa lazima ivute watazamaji wengi zaidi ndipo ionekane inalingana na ile nyingine. Serikali imeweka sheria ya kiwango cha vipindi vya humu nchini ili kusawazisha mizani, lakini kipindi cha mahojiano studioni nacho ni cha humu nchini, na gharama yake ni viti vitatu na meza.

Inafaa kuona kazi yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo pesa huenda. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja kwenye kioo. Filamu ya kawaida hupiga kurasa 3 hadi 5 kwa siku. Tamthilia inayoonyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 22 kila siku, inahitaji kurasa 110 kwa wiki. Timu ikifanya kazi siku 5, ni kurasa 22 kila siku. Kuhamisha vifaa kutoka nyumba moja hadi nyingine hula nusu siku, kwa hiyo wahusika wetu hukutana sebule ile ile kila mara. Ukipeleka kazi Kakamega, ongeza mvua ya alasiri. Ikianza kupiga mabati, mtu wa sauti anainua mkono na kila kitu kinasimama. Maikrofoni haiwezi kutenganisha maneno ya mwigizaji na kishindo hicho, na mhariri hupata shida kukiondoa baadaye. Wanaojua eneo hupanga mazungumzo yote kati ya saa moja asubuhi na saa saba mchana, kisha alasiri hupiga picha zisizo na maneno. Asiyejua hupoteza siku mbili kwa wiki, na bajeti ya sehemu 13 inaishia njiani.

Namba 13 nayo ina maana yake: wiki 13 ni robo mwaka, na mikataba mingi ya matangazo hupangwa kwa robo. Ndiyo maana tamthilia nyingi hufa mwishoni mwa robo hata kama hadithi iko katikati.

Kuna pesa za wafadhili pia. *Makutano Junction* ilifundisha kilimo, afya na haki za raia ndani ya hadithi, na watazamaji walituma SMS kuomba vijitabu vya maelezo. *Shuga*, iliyozungumza na vijana kuhusu virusi vya Ukimwi, ilitengenezwa Nairobi kwa misimu miwili, 2009 na 2012, kisha ikahamia Nigeria. Wapenzi wake hapa waliachwa na wahusika wao hewani. Mfadhili haulizi matangazo mangapi yameuzwa. Anauliza ujumbe umemfikia nani na wapi palipo na uhitaji zaidi sasa. Mradi ukifika ripoti ya mwisho, tamthilia nayo imefika, hata ikiwa inatazamwa kuliko taarifa ya habari.

Na wakati mwingine mambo huwa mazito tu. *Queen Sono* ya Afrika Kusini, tamthilia ya kwanza ya Kiafrika iliyoandikiwa Netflix, ilitoka Februari 2020 ikiwa na sehemu 6, baadhi ya matukio yakiwa Nairobi na Zanzibar. Aprili ikapewa msimu wa pili. Novemba mwaka huo huo msimu huo ukafutwa: hadithi ilidai kusafiri nchi nyingi, na Korona ilikuwa imefunga mipaka. Hapo hapakuwa na wa kulaumiwa.

Kuuawa kwa ratiba

Mfano unaoumiza zaidi ni *Firefly*, tamthilia ya Marekani ya safari za angani. Kituo cha Fox kilianza kuionyesha 20 Septemba 2002, Ijumaa usiku, saa ambayo vijana wa Marekani iliowalenga hawako nyumbani. Sehemu ya kwanza, ya saa mbili, ndiyo iliyowatambulisha wahusika 9 na kueleza kwa nini wanaishi pamoja kwenye chombo kimoja cha angani. Kituo kiliiweka kando na kuanza na sehemu nyingine. Ile ya kwanza ilikuja kurushwa 20 Desemba, siku ya mwisho ya tamthilia hiyo hewani. Ni kama kumsimulia mtu habari za harusi leo, halafu uchumba umweleze siku ya matanga. Sehemu 14 zilitengenezwa, 11 zikaonyeshwa. Watu waliinunua baadaye kwenye DVD, wakaitazama kwa mpangilio wake, ndipo wakaona kilichotupwa. Mauzo hayo yalisaidia kuzaa filamu ya 2005.

Ratiba hupotoshwa hivyo hivyo huku. Tamthilia mpya ikipangiwa Jumanne au Jumatano usiku msimu wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, inashindana na mpira katika nyumba yenye runinga moja, na kwenye nyumba hiyo mwenye rimoti si mpenzi wa tamthilia. Takwimu zinashuka, kituo kinaihamishia saa nyingine, waliokuwa wakiifuata wanaikosa, takwimu zinashuka tena. Kila hatua inaonekana ya busara peke yake. Zikijumlishwa, tamthilia imekufa kwa miezi miwili.

Mwenye mali

Hili ndilo jambo ambalo wapenzi hulijua kidogo zaidi, na ndilo huamua kama tamthilia iliyokatwa inaweza kufufuka.

*Brooklyn Nine-Nine* ilikatizwa na Fox Mei 2018. Saa 31 baadaye, NBC, kituo kingine cha huko, ikatangaza imeichukua. Kilio cha mashabiki kilisikika, ndiyo, lakini mtengenezaji wake alikuwa Universal Television, kampuni ndugu ya NBC. Kila msimu mpya ulinenepesha mali ya nyumba hiyo hiyo. Fox ilikuwa mpangaji tu.

*The Expanse* ilikatizwa na Syfy mwaka huo huo baada ya misimu 3. Syfy ilikuwa imenunua haki ya kuionyesha moja kwa moja kwenye chaneli yake nchini Marekani, basi. Watu walioitazama baadaye mtandaoni, na walikuwa wengi, hawakuiletea senti. Haki nyingine zilikuwa kwingine. Amazon, iliyoweza kuzikusanya haki chini ya paa moja, ikaibeba hadi msimu wa 6.

Kwa mtayarishaji wa Kisumu au Nakuru, somo hili liko kwenye karatasi anayotia sahihi. Kituo kikigharamia kila kitu, kwa kawaida hudai kila kitu: jina, wahusika, kanda, haki za marudio na za mtandaoni. Kikisitisha, mtayarishaji hawezi kuipeleka kwa jirani hata kama jirani anaitaka. Kabla ya sahihi, mambo manne yaandikwe wazi. Jina na wahusika ni mali ya nani. Kituo kina haki ya kuonyesha mara ngapi na kwa miaka mingapi. Mtandao umejumuishwa au umetengwa. Na la nne, linalosahaulika: kituo kikikaa miezi 12 bila kuagiza sehemu mpya, haki zinarudi kwa nani. Skripti ziandikishwe mapema kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na kanda ghafi zisibaki studioni peke yake. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Hata haki zikiwepo, muda una makali yake. Waigizaji hufungwa na mkataba hadi tarehe fulani; ikipita, wanachukua kazi kwingine. Seti huvunjwa, nguo huuzwa, nyumba ya kukodi hupata mpangaji mpya. Kufufua tamthilia baada ya mwezi mmoja ni kupiga simu. Baada ya mwaka mmoja ni kuanza upya.

Kuna miisho isiyotokana na hesabu yoyote. *Papa Shirandula*, iliyoanza 2007 kwenye Citizen, ilisimama juu ya Charles Bukeko, mwana wa Busia, na alipofariki Julai 2020 hakuna aliyetaka kumwona mtu mwingine kwenye sare ile ya bawabu. Hiyo si kukatizwa, na haifai kuwekwa kwenye kapu moja na nyingine.

Kampeni zinazofaulu

Barua za mashabiki zilisaidia kuipa *Star Trek* msimu wa tatu, 1968. NBC ikaipeleka Ijumaa saa nne usiku, bajeti ikapunguzwa, na 1969 ikaisha ikiwa na sehemu 79. Idadi hiyo ilitosha kuuzwa kwa vituo vidogo vya kurudia kila siku, na huko ndiko ilikopata umaarufu wake mkubwa. Kwa miaka mingi wenye mali Marekani waliilenga idadi ya sehemu 100 hivi kwa sababu hiyo: faida ilikuwa kwenye marudio, na tamthilia iliyokufa na sehemu 14 haikuwa na cha kurudia.

Mashabiki wa *Jericho* walitumia njugu karanga. Neno moja la sehemu ya mwisho lilihusu njugu, na baada ya kituo cha CBS kuikatiza 2007 wakakitumia zaidi ya kilo 18,000, ambazo ni karibu magunia 200 ya kilo 90. Wakapata sehemu 7 zaidi, 2008. Kisha ikakatizwa tena, maana waliohesabiwa wakitazama hawakutosha. *Family Guy*, iliyokatizwa 2002, ilirudi 2005 kwa nguvu ya mauzo ya DVD. Risiti ilifanya kazi ambayo magunia hayakuweza.

Kwa hiyo mpenzi wa tamthilia anayetaka isaidike afanye yanayohesabika. Kwenye mtandao, aitazame ndani ya mwezi wa kwanza na afike sehemu ya mwisho. Kwenye YouTube, aitafute kwenye chaneli ya watayarishaji wenyewe. Aliyeipakia upya ndiye anayekula mapato ukitazama kwake. Kwenye kituo cha kawaida, aitazame saa yake, na SMS ya utafiti ikija aijibu badala ya kuifuta. Ujumbe wa malalamiko aupeleke pia kwa mdhamini: kampuni ya sabuni ikiona wateja 300 wanataja tamthilia ile kwa jina, afisa wake wa mauzo ana kitu cha kuonyesha mkutanoni.

Dalili za hatari ni rahisi kuzitambua mapema. Saa imebadilishwa mara mbili ndani ya mwezi. Marudio yanachomekwa katikati ya msimu. Wahusika wakuu wanatumwa "Mombasa kikazi" mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mikataba yao haikurefushwa. Matukio yote yamehamia chumba kimoja. Ukiona matatu kati ya hayo, usingoje tangazo la kukatizwa ndipo uanze kuandika.

Na wale wanaorudi Kondele kuuliza *Sense8*, tamthilia iliyompa dereva wa matatu wa Nairobi, Capheus, na gari lake Van Damn, nafasi sawa na mashujaa wa London na Seoul: ilikatizwa 1 Juni 2017, Netflix ikieleza kwamba watazamaji hawakutosha kubeba gharama ya kupiga picha katika miji mingi hivyo. Msimu wa pili uliachwa mmoja wa mashujaa wake wanane akiwa mikononi mwa maadui. Lakini kelele zilifika, na sehemu ya kufungia ikatengenezwa na kutolewa 8 Juni 2018. Folda iliyonakiliwa 2017 haina sehemu hiyo. Hesabu faili: msimu wa kwanza 12, wa pili 12 ukihesabu na ile ya kufungia, yenye urefu wa saa mbili na nusu. Ukikuta 11 kwenye msimu wa pili, hadithi haijaisha. Nenda ukaitafute kule ambako kutazama kwako kutaandikwa.